Umerefusha mtutu, kasi imeshuka: hesabu ya hewa iliyomo kwenye silinda

*"Habari mtaalamu. Nina bunduki ya kuchezea ya umeme, ile inayorusha gololi za jeli. Ilikuja na mtutu wa ndani wa milimita 270, kipenyo cha ndani milimita 7.5, na ilikuwa inapiga karibu mita 68 kwa sekunde. Nikaweka mtutu wa milimita 450 wenye kipenyo hichohicho, maana nilitaka ifike mbali na ilenge vizuri zaidi. Kasi ikashuka. Nikaweka springi ngumu zaidi, ikapanda kidogo tu. Sasa wastani ni 54, lakini gololi moja inatoka kwa 48 na inayofuata kwa 58, na mlio wa giaboksi (kisanduku cha gia zinazovuta pistoni) umebadilika. Silinda yangu ina tundu ubavuni. Rafiki mmoja ananiambia ninunue silinda isiyo na tundu na kila kitu kitakaa sawa. Mwingine anasema springi bado ni laini. Kipenyo cha ndani cha silinda ni milimita 24, pistoni inatembea milimita 50, na kutoka ukingo wa mbele wa tundu hadi uso wa kichwa cha silinda ni milimita 33. Nimsikilize nani?"*

Ndugu msomaji, umenirahisishia kazi kwa sababu umepima. Wengi huniandikia kwamba "inapiga dhaifu" na kuishia hapo, kisha wanataka nibashiri. Vipimo vyako vinatosha kutoa jibu bila kubashiri hata kidogo.

Kinachokusumbua nimekielewa hivi: ulifanya kitu ambacho kila mtu anadhani huongeza nguvu, nguvu ikapungua, na sasa uko njia panda kati ya kununua silinda na kununua springi. Jibu langu ni kwamba rafiki wa springi amekosea. Rafiki wa silinda amepatia nusu: silinda nzima, yaani isiyo na tundu, itakusaidia, lakini peke yake haitaweza kuubeba mtutu wa milimita 450. Ngoja nikueleze kwa nini, maana ukielewa sababu hutahitaji kuuliza tena ukibadilisha kifaa kingine.

Dhana kwamba mtutu mrefu una nguvu zaidi imetoka kwenye bunduki za kweli, na huko ina ukweli wake. Baruti ikiungua hutoa gesi nyingi kuliko ujazo wa mtutu wenyewe, na shinikizo lake kwenye bunduki ya kivita hufika maelfu ya mara ya shinikizo la hewa tunayovuta. Hata risasi ikifika mwisho wa mtutu, gesi nyuma yake bado inasukuma kwa nguvu kubwa, kwa hiyo kila sentimita unayoongeza humpa msukumaji nafasi zaidi ya kusukuma.

Kwako hakuna baruti. Una hewa iliyofungiwa ndani ya silinda, na ni hiyo tu. Pistoni ikishaisukuma yote mbele, hakuna nyingine inayokuja.

Tuone nguvu hiyo ni kubwa kiasi gani. Gololi ya jeli yenye kipenyo cha milimita 7.3 ina uzito wa karibu gramu 0.2, kwa kuwa karibu yote ni maji. Ikitoka kwa mita 68 kwa sekunde inabeba nishati ya takriban jouli 0.46. Mtutu wako wa zamani una ujazo wa sentimita 11.9 za ujazo. Ukigawanya nishati kwa ujazo huo unapata shinikizo la wastani lililobaki likiisukuma gololi njia nzima: karibu kilopaskali 39, yaani asilimia 40 hivi ya shinikizo la hewa ya kawaida. Ni kidogo sana. Msuguano mdogo tu, au uvujaji ambao huwezi hata kuusikia, unakula sehemu kubwa ya msukumo huo. Na yote hutokea ndani ya muda mfupi mno: gololi hukaa ndani ya mtutu wa milimita 270 kwa karibu milisekunde 8.

Sasa fuata safari ya gololi yenyewe. Springi inaachiwa, pistoni inakimbia mbele, hewa inabanwa. Shinikizo likishinda msuguano, gololi inaondoka. Kuanzia hapo mambo mawili yanashindana: pistoni inapunguza nafasi upande wa silinda, na gololi inaongeza nafasi upande wa mtutu. Mradi hewa iliyo katikati imebanwa kuliko hewa ya nje, gololi inaongeza mwendo. Pistoni ikifika mwisho wa safari yake, hewa yote ya silinda imehamia mtutuni, na kila milimita gololi inayosonga inaipanua hewa hiyo na kuipunguzia nguvu.

Kuna mahali ndani ya mtutu ambapo ujazo nyuma ya gololi unakuwa sawa na ujazo wa hewa uliyoanza nayo. Ukiacha joto la mbano na uvujaji, hapo ndipo shinikizo la nyuma linalingana na la nje, na msukumo umekwisha. Gololi ikiwa bado ndani ya mtutu, kuanzia hapo inaanza kuvuta ombwe nyuma yake. Ni kama kuziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole kisha kuvuta mkono wake: unahisi unarudishwa. Gololi yako inarudishwa vivyo hivyo, huku kuta za mtutu zikiisugua.

Joto nimelitaja kwa sababu hewa inayobanwa ghafla hupata joto, na joto hilo huisaidia gololi kidogo. Uvujaji unafanya kinyume chake. Katika bunduki nyingi za jeli uvujaji ndio unaoshinda, kwa hiyo usiitegemee zawadi ya joto.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la hisabati tu. Eneo la duara ni 3.14 mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo. Zidisha kwa urefu upate ujazo. Tumia sentimita kote, usichanganye na milimita, maana hapo ndipo watu wengi hupata majibu ya ajabu.

Mtutu wenye kipenyo cha sentimita 0.75 una eneo la sentimita za mraba 0.442. Kwa urefu wa sentimita 45 ujazo wake ni 19.9. Silinda ya sentimita 2.4 ina eneo la 4.52. Hapa sasa usikimbilie kuzidisha kwa sentimita 5 za safari ya pistoni. Silinda yako ina tundu, na hadi pistoni ilipite tundu hilo, hewa inatoroka nje badala ya kubanwa. Mbano wa kweli unaanza pale oringi ya pistoni (pete ya mpira inayoziba hewa) inapovuka ukingo wa mbele wa tundu, na umeniambia kutoka hapo hadi kichwa cha silinda ni milimita 33. Kwa hiyo hewa unayofanyia kazi ni 4.52 mara 3.3, sawa na 14.9.

Uwiano wa silinda kwa mtutu sasa ni 14.9 kugawa kwa 19.9, yaani 0.75. Hewa yako haitoshi hata kuujaza mtutu. Inamalizika gololi ikiwa imefika karibu milimita 337, na zimebaki milimita 113 za kuvuta ombwe. Hiyo ndiyo kasi yako iliyopotea. Kwa nishati, umeshuka kutoka jouli 0.46 hadi takriban 0.29, pamoja na springi ngumu uliyoongeza.

Kipande hicho cha mwisho ndicho pia kinacholeta tofauti ya 48 na 58. Gololi inayosukumwa kwa nguvu hadi mdomoni haijali sana kama ni nene au nyembamba kwa kiasi kidogo. Gololi inayojivuta kwenye milimita 113 bila msaada inategemea msuguano wake yenyewe na jinsi hewa inavyopenya pembeni yake, na gololi za jeli hazifanani hata mbili. Mtu akiniambia kasi inayumba kuliko inavyoshuka, uwiano mdogo ni kati ya vitu viwili vya kwanza ninavyovishuku. Cha pili ni uvujaji, na nitaufikia.

Kwa vipimo vilevile, mtutu wako wa zamani ulikuwa na uwiano wa 1.25. Si mkubwa, lakini ulifanya kazi.

Sasa uwiano mzuri ni upi? Wachezaji wa bunduki za gololi ngumu za plastiki hupenda kati ya 1.5 na 2 kwa gololi ya gramu 0.2, ambayo ndiyo uzito wa hii ya jeli. Mimi naanzia hapohapo kwa jeli. Sishuki chini ya 1.5 kwa hiari kwa sababu gololi laini, yenye majimaji na isiyo duara kamili, haizibi mtutu sawasawa, na hewa inayopita pembeni yake lazima itoke kwenye akiba. Namba moja kamili kwenye karatasi ni upungufu kwenye kifaa. Lakini usiichukulie 1.5 kuwa sheria. Ni mahali pa kuanzia kupima, na kifaa cha kupima kasi ndicho kitakachotoa hukumu.

Tumfikie rafiki wa springi. Springi ngumu haiongezi hewa hata tone. Inachofanya ni kuifanya pistoni ikimbie zaidi na kubana kwa shinikizo la juu zaidi mwanzoni. Kama akiba ya hewa inatosha, hilo hugeuka kuwa kasi. Kama haitoshi, unapata mshindo mkali mwanzoni na ombwe lilelile mwishoni, ndiyo maana ilipanda kidogo tu. Gharama yake unaisikia tayari: mota inavuta mzigo mkubwa zaidi, meno ya gia na ya pistoni yanabeba nguvu zaidi, na mlio umebadilika. Rudisha springi ya zamani leo, kabla ya kununua chochote. Ukishaweka hewa sawa utaona kama unaihitaji ngumu, na ninashuku hutaihitaji.

Kuna jambo ambalo watu wa silinda zenye tundu hawaambiwi. Tundu si kasoro. Lipo kwa makusudi, kwa mitutu mifupi: pistoni inapata umbali wa kukimbia bila upinzani, kisha inaikuta hewa ikiwa tayari ina mwendo. Shinikizo linapanda kwa ghafla, na kwa mtutu mfupi wenye muda mchache wa kusukuma, hilo ndilo unalotaka. Silinda yako ya sasa, kwa uwiano wa 1.5, inafaa mtutu wa karibu milimita 225. Kiwandani walishaivuta kidogo walipoipa 270. Wewe ukaivuta hadi 450.

Silinda isiyo na tundu, kipenyo hichohicho na safari ileile ya milimita 50, itakupa 22.6. Ukigawa kwa 19.9 ya mtutu mrefu unapata 1.14. Angalia namba hiyo vizuri: ni ndogo kuliko ile 1.25 uliyokuwa nayo siku ulipoifungua kwenye boksi. Ndiyo maana nasema rafiki yako amepatia nusu. Ukiinunua na kuuacha mtutu wa 450, kasi itapanda, utafurahi, lakini bado utakuwa ukingoni, na siku gololi zikiwa nyembamba kidogo utarudi kulekule.

Geuza swali basi. Badala ya kuuliza silinda gani itaubeba mtutu huu, uliza mtutu gani unafaa hewa niliyo nayo. Kwa silinda nzima ya 22.6, uwiano wa 2 unakupa mtutu wa karibu milimita 256, na uwiano wa 1.5 unakupa 341. Mtutu wako wa zamani wa 270 umo ndani ya wigo huo, kwa uwiano wa 1.9. Mtutu wa 320 ungekupa 1.6. Kama mkoba ungekuwa wangu, ningenunua silinda, ningerudisha mtutu wa 270, ningepima, na hapo ndipo ningeamua kama kuna sababu ya kwenda 320. Kama hutaki kutumia hela kabisa, rudisha mtutu wa 270 na springi ya kwanza, utapata 68 zako.

Najua utasema ulitaka shabaha, si kasi peke yake. Hapo nakuambia bila kuzunguka: baada ya urefu wa kutosha kuituliza gololi, sentimita za ziada hazinyooshi chochote. Gololi ya jeli inapotea njia kwa sababu haina umbo moja, kwa sababu kasi inayumba, na kwa sababu ya upepo. Ukipunguza kuyumba kwa kasi kutoka mita 10 hadi 3 utaona gololi zikikusanyika shabahani kuliko mtutu wowote mrefu utakavyokupa. Na kama kilichokuvutia ni muonekano wa bunduki ndefu, hakuna ubaya. Weka mtutu wa nje mrefu na wa ndani uuache mfupi. Hakikisha tu wa ndani umeshikiliwa katikati barabara, ili gololi isiguse ukuta wa ule wa nje ikipita.

Kipenyo nacho kina neno. Mtutu wa milimita 7.3 una ujazo pungufu kwa karibu asilimia 5 kuliko wa 7.5 kwa urefu uleule, kwa hiyo unakula hewa kidogo, na unaziba vizuri zaidi gololi ikiwa saizi yake. Ila gololi iliyovimba kupita kipenyo itapasuka ndani na kukuachia uji wa jeli ukutani, na uji huo utaharibu gololi kumi zinazofuata.

Hapo ndipo maji yanapoingia, jambo ambalo wengi hulidharau. Jeli hizi ni polima inayofyonza maji, na chumvi zilizoyeyuka kwenye maji huizuia kuvimba. Maji magumu yenye kalisi nyingi hutoa gololi ndogo. Maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyopatikana kwa kukusanya mvuke, hutoa kubwa zaidi kwa pakiti ileile. Kwa mtutu wa 7.5, gololi ya 7.2 inaacha mwanya wa karibu asilimia 8 ya eneo lote, na hewa inapita hapo kila mara. Kutoka 7.3 hadi 7.5 uzito wa gololi unaongezeka kwa asilimia 8 pia. Kabla ya kulaumu silinda, chukua gololi kumi, zipime kwa kalipa bila kuzibana, na uone zinatofautiana kiasi gani. Loweka kwa maji ya aina moja na muda mmoja kila mara, na pima kasi kwa gololi za loweko moja.

Uvujaji uliotajwa juu unapimwa hivi. Giaboksi ikiwa wazi, shika silinda ikiwa na kichwa chake na nozeli (kijibomba cha mbele kinachopitisha hewa), ziba mdomo wa nozeli kwa kidole, kisha sukuma pistoni kwa mkono. Inapaswa kugoma na kubaki imegoma. Ikishuka taratibu huku ukiwa umeziba, hewa inatoka mahali: mara nyingi ni oringi ya pistoni iliyo nyembamba au kavu, au kichwa cha silinda kisichokaa vizuri. Tumia grisi ya silikoni, kiasi kidogo, kwa sababu grisi za mafuta ya petroli huvimbisha baadhi ya mipira. Kisha angalia nozeli inavyokaa kwenye kile kipande cha T kinachopokea gololi, na jinsi kipande hicho kinavyoshika mtutu. Uwiano wowote ule ni hesabu ya karatasi tu kama theluthi ya hewa inatokea kwenye maungio haya. Anza na uvujaji, kisha ndipo ununue.

Vipimo vyenyewe, kama unataka kuhakiki vyangu, tumia bomba la sindano na maji. Ziba upande mmoja wa mtutu kwa kidole, jaza maji kwa bomba, soma umetumia mililita ngapi. Mililita moja ni sentimita moja ya ujazo. Inapita hesabu kwa uhakika, hasa kama huna hakika na kipenyo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kwa silinda, kosa la kawaida ni kupima bomba zima kuanzia mwisho hadi mwisho. Kichwa cha silinda kinaingia ndani kwa milimita kadhaa, na pistoni hairudi hadi mwisho wa bomba. Pima kutoka oringi ikiwa imevutwa nyuma kabisa hadi uso wa kichwa. Na ikiwa mtu aliwahi kupunguza meno ya gia inayovuta pistoni, safari imefupika, na ujazo wa silinda nzima umefupika pamoja nayo.

Ukiamua kuukata ule wa 450 badala ya kutafuta mwingine, kata kidogo kidogo. Milimita 20 kila mara, safisha mdomo, piga gololi kumi kwenye kifaa cha kupima kasi, andika wastani na tofauti kati ya ya juu na ya chini. Kwanza kasi itapanda kila unapokata. Baadaye itatulia. Inapoacha kupanda na tofauti imekuwa ndogo, weka msumeno chini. Ukiendelea itaanza kushuka na hakuna anayerefusha mtutu uliokatwa. Mdomo uwe mraba na usio na chembe za chuma, la sivyo utaikwaruza gololi inapoaga.

Usiende upande wa pili kupita kiasi. Silinda kubwa na mtutu mfupi mno, uwiano wa 3 au zaidi, haikupunguzii kasi sana, lakini gololi inatoka hewa ikiwa bado imebanwa nyuma yake. Hewa hiyo inaipita na kuitikisa mdomoni, mlio unakuwa mkali, na pistoni inakosa mto wa hewa wa kuituliza, hivyo inagonga kichwa cha silinda kwa nguvu zaidi. Giaboksi za nailoni hazilipendi jambo hilo.

Baada ya marekebisho kasi inaweza kupita ile 68. Angalia kikomo cha uwanja unaochezea, na sheria ya unapoishi. Hata ndani ya nchi moja sheria hutofautiana: nchini Australia, kwa mfano, jimbo la Queensland huruhusu kumiliki vifaa hivi bila leseni, ilhali South Australia iliviingiza kwenye sheria ya silaha mwaka 2020.

Lini uende kwa fundi ana kwa ana? Kama giaboksi inasaga au kulia kama chuma kinachokwaruzana, kama mota inakuwa moto baada ya gololi chache, kama pistoni inabaki nusu njia, au kama meno yameanza kulika. Kupanga gia na washa zake (vipete vyembamba vya kurekebisha nafasi) si kazi ya kujifunzia kwenye kifaa unachokipenda. Betri ya lithiamu iliyovimba usiichaji wala kuitoboa. Iweke mbali na vitu vinavyoungua na uipeleke panapopokelewa betri mbovu. Ukifungua mwenyewe, toa betri, hakikisha hakuna gololi ndani, legeza springi kabla ya kutenganisha maganda ya giaboksi, na vaa miwani, kwa sababu springi iliyobanwa huruka usoni.

Miwani hiyohiyo ivaliwe na kila aliye karibu wakati wa kupima na kucheza, hata anayetazama tu. Nusu ya jouli inaonekana ndogo kwenye ngozi, lakini kwa jicho inatosha kusababisha damu kuvuja ndani. Mtu akipigwa jichoni na akaona ukungu, damu, mwanga unaomsumbua au maumivu, asisugue wala kubonyeza, apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, hata kama maumivu yametulia njiani.